Kumsaidia Mtu Aache Pombe kwa Imani: Mwongozo Kamili kwa Jumuiya na Makanisa ya Nyumbani, Tabora

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa jumuiya, mzee wa kanisa, shemasi au mama mlezi wa seli, yaani yule anayebishiwa hodi na mtu anayesema, "Nimechoka na pombe, niombeeni." Umeandikwa kwa mazingira ya Tabora, kuanzia Isevya na Ng'ambo pale mjini hadi Urambo, Kaliua na Sikonge kwenye tumbaku na asali. Tunazungumzia pombe ya aina yoyote: bia ya grosari, wanzuki, kangara, gongo. Bangi na kubeti vina mambo yake, ingawa kuanzia hatua ya nne mengi yanafaa huko pia.

Kuna jambo moja la kulijua kabla ya mengine yote, maana hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akikatishwa pombe ghafla anaweza kufa. Mwili wake umeshajipanga kuishi na pombe, na ikiondoka, ubongo unakurupuka. Kwa hiyo maombi na zahanati vinaanza siku moja, na atakayesema kwenda hospitali ni upungufu wa imani aambiwe kwa upole kwamba Luka mwenyewe alikuwa tabibu.

Hatua ya 1: Jua unashughulika na mtu wa namna gani

Usianze na mahubiri. Kaa naye faragha, asubuhi, umuulize maswali machache na uandike majibu kwenye daftari litakalobaki kwako.

Anakunywa siku ngapi kwa wiki, na anakunywa nini? Akiamka, ni lazima azimue ndipo mikono itulie? Mara ya mwisho alipokaa siku nzima bila pombe ilikuwaje? Amewahi kuanguka kifafa, au kuona wadudu na watu wasiokuwepo, alipojaribu kuacha? Ana ugonjwa mwingine kama ini, kisukari, presha au kifua kikuu, au yuko kwenye dozi ya ARV? Kama ni mwanamke, ana mimba?

Mnywaji hupunguza hesabu, hata akiwa hana nia ya kudanganya. Muulize na mke au mume wake, kwa ridhaa yake.

Anayekunywa wikiendi tu, hatetemeki na analala vizuri bila pombe, anaweza kuacha akiwa nyumbani. Anayezimua kila asubuhi, aliyewahi kupata kifafa au maruweruwe, mwenye mimba, mzee, au mwenye ugonjwa mkubwa, huyo aanzie hospitali: Kitete akiwa mjini, au hospitali ya wilaya iliyo karibu. Na hapa tunasema jambo ambalo wazee wengi wa kanisa watalikunjia uso. Kama mtu wa kundi hili yuko mbali na usafiri ni kesho kutwa, asikatishwe leo. Aendelee kunywa kidogo kidogo, chini ya alivyozoea, kiasi cha kuzuia kutetemeka, mpaka mfike kwa daktari. Si kumruhusu dhambi. Ni kumfikisha akiwa hai.

Hatua ya 2: Panga siku ya kuanza

"Kuanzia leo sinywi tena," kauli inayotolewa madhabahuni Jumapili mchana mbele ya kwaya, mara nyingi haifiki Jumanne. Kasoro iko kwenye maandalizi, hata kama moyo ulikuwa wa kweli. Chagueni tarehe ndani ya wiki mbili zijazo. Isiwe wiki ya malipo ya tumbaku, isiwe wiki ya harusi ya ndugu, wala siku za kazi ya pamoja shambani ambapo wenyeji hulipa kwa pombe. Kabla ya tarehe hiyo, hakikisheni haya:

- Mtu mmoja mzima wa kukaa naye usiku na mchana kwa siku 5, na wa kumpokea. Wawili wanatosha, watatu ni bora.
- Unga wa uji, sukari au asali, maji safi ya kunywa, na pakiti 6 za chumvi ya kurudisha maji mwilini, ile ya ORS.
- Namba ya bodaboda au mwenye gari atakayekubali kutoka saa nane usiku, mkiwa mmeshakubaliana nauli.
- Nyumba imekaguliwa. Chupa iliyofichwa darini, kwenye ghala la karanga au chini ya magunia, yeye ndiye anajua ilipo. Aitoe kwa mkono wake.

Dawa za kuacha pombe zinazotiwa kisiri kwenye chai au mboga, msiziguse. Ipo dawa halali ya hospitali, disulfiramu, inayomfanya mtu augue vibaya akinywa pombe juu yake: moyo unakimbia, presha inashuka, anatapika. Daktari huitoa kwa mtu anayejua na aliyekubali. Kumwekea mtu bila kujua, yeye akaenda kunywa kama kawaida, kunaweza kumaliza maisha yake. Na zile za mitishamba za kutapisha hakuna anayejua kipimo chake.

Hatua ya 3: Siku tano za mwanzo

Saa zihesabiwe kuanzia glasi ya mwisho. Kati ya saa ya 6 na ya 12 huanza kutetemeka mikono, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, wasiwasi na kukosa usingizi. Kifafa, kama kitakuja, mara nyingi huja kabla ya saa 48 kupita. Kisha, kati ya siku ya pili na ya nne, wachache huingia kwenye hali mbaya zaidi: wanachanganyikiwa, hawajui wako wapi, wanaona nyoka ukutani, wanasikia sauti zikiwaita, wanapigana na hewa, mwili unawaka moto.

Hapo ndipo kanisa linapokosea. Mtu anatetemeka, anapiga kelele, anazungumza na asiyeonekana, na watu waliokesha wakiomba wanaona pepo. Wanamzunguka, wanamshika mikono na miguu, wanapaza sauti, wanamnyima maji ili "afunge". Masaa yanapita, mwili unakauka, joto linapanda. Hatubishani na mtu kuhusu kuwepo kwa mapepo. Injili imejaa habari zake. Lakini mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, akaacha juzi, na leo anaona vitu, huyo anapelekwa hospitali sasa hivi, na wanaoomba wataomba ndani ya gari. Hata Mithali 23:33 inamwambia mlevi kwamba macho yake yataona mambo mageni. Hali hii ina dawa, na wauguzi wameiona mara nyingi.

Anayepitia siku hizi nyumbani ahudumiwe hivi. Maji lita 2 hadi 3 kwa siku, kikombe kimoja kimoja, asigide. Akitapika au kuharisha, pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji. Uji mwepesi kikombe kila baada ya saa 2 au 3 hata kama hana hamu, kisha ndizi, mayai, dagaa, karanga. Chumba chenye mwanga hafifu usiku, maana giza totoro huzidisha maruweruwe. Sauti za chini. Asiachwe peke yake hata chooni. Mlango ubaki bila komeo.

Hakuna kufunga. Hakuna mkesha. Soma 1 Wafalme 19 uone Mungu alivyomshughulikia Eliya aliyekata tamaa chini ya mti: malaika alimgusa, akampa mkate ulioiva juu ya makaa na gudulia la maji, akalala, akaamshwa, akala tena. Mazungumzo mazito yalikuja baadaye sana, kule mlimani. Kwa siku hizi tano, zaburi moja fupi asubuhi na moja jioni zinatosha. Zaburi ya 23 watu wengi wanaijua kwa moyo; anaweza kuitikia hata akiwa amelala.

Mpelekeni hospitali bila kusubiri asubuhi mkiona mojawapo ya haya: kifafa hata mara moja, kuchanganyikiwa, kuona au kusikia visivyokuwepo, homa, kutapika damu au choo cheusi kama lami, macho ya manjano, kushindwa kubakiza maji tumboni, kutembea akiyumba na macho yakicheza ilhali hajanywa. Homa kwetu isiachwe bila kipimo cha malaria, kwani malaria kali nayo huchanganya akili. Na kama alikunywa gongo siku moja au mbili nyuma, sasa anaona ukungu au anasema macho yanazima, hiyo inaweza kuwa sumu ya methanoli. Kila saa mnayochelewesha inaweza kumgharimu macho.

Mkifika, semeni kwa mhudumu maneno haya bila aibu: "Anakunywa kila siku, ameacha tangu saa fulani." Msipoyasema, anaweza kutundikiwa dripu ya sukari peke yake. Walevi wa muda mrefu huwa na upungufu wa vitamini B1, na sukari nyingi ikiingia bila vitamini hiyo inaweza kuumiza ubongo kwa kudumu. Daktari akijua, ataanza na B1. Akijua pia ataweza kutoa dawa ya kutuliza kwa kipimo. Msinunue valiamu dukani mkampa wenyewe: ikikutana na pombe mwilini, pumzi inaweza kusimama.

Hatua ya 4: Toba yenye anwani

Siku ya sita au ya saba kichwa kimetulia. Sasa ndipo maungamo yanapoingia. Mkatoliki aende kitubio kwa padre. Mmoravian, Mwanglikana, Mpentekoste au Msabato akae na mchungaji au mzee anayeaminika kutunza siri. Yakobo 5:16 inasema, "Ungamaneni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa."

Maungamo ya "nimetenda dhambi nyingi" hayasaidii sana. Mwongoze ataje kwa majina: fedha ya ada ya mtoto wa darasa la saba iliyokwenda kilabuni, baiskeli aliyoweka rehani, kumpiga mke, deni la grosari. Andikeni orodha, mbele ya kila jina andikeni atakachofanya na lini. Madeni ya pombe yalipwe kupitia mtu mwingine. Asirudi yeye mwenyewe kaunta kulipa, kwa sababu muuzaji kwa ukarimu wake atamkaribisha moja ya asante.

Ushuhuda wa hadharani tunashauri usubiri walau miezi mitatu. Makanisa yetu yanapenda ushuhuda mbichi, na nia ni njema. Lakini mtu wa wiki mbili akishangiliwa mimbarani, siku atakayoteleza ataona haya kurudi, na mtampoteza yeye pamoja na nyumba yake.

Hatua ya 5: Saa ya jaribu

Kiu ya pombe huja kama wimbi. Hupanda, hufika kileleni, hushuka, mara nyingi ndani ya dakika 15 hadi 30. Asiyejua hilo hudhani itaendelea kupanda mpaka anywe. Kazi yake katika dakika hizo ni kupita tu.

Mfundishe mpango wa vitendo vinne, aukariri akiwa mzima wa akili. Kwanza, aondoke alipo. Miguu kabla ya maneno. Pili, ale na anywe kitu: karanga, michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), kikombe cha chai yenye asali. Mjaribu alimjia Bwana Yesu jangwani alipoona njaa, na kwetu pia njaa, uchovu, hasira na upweke ndivyo vinavyofungua mlango. Tatu, apige simu kwa mmoja wa watu watatu waliokubaliana, aseme "imenijia", naye aliyepigiwa asihubiri. Amuulize uko wapi, umekula, nakuja au unakuja? Nne, aombe kwa sauti sala fupi ambayo haimhitaji kufikiri, kwa mfano: "Bwana Yesu, nipitishe dakika hizi." Ahadi ya 1 Wakorintho 10:13 inazungumzia "mlango wa kutokea". Mlango unatumiwa kwa kutoka. Mwenye kubaki amekaa kwenye benchi la kilabu akiomba nguvu ya kukataa, anaomba akiwa ameupa mlango mgongo.

Chora pamoja naye ramani ya wiki yake. Anapita wapi akitoka sokoni? Nani humwita "mzee, njoo uonje"? Kwa wengi saa ya hatari ni kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Saa hizo zipewe kazi yenye jina: Jumatatu mazoezi ya kwaya, Jumanne kumwagilia bustani, Jumatano jumuiya, na kadhalika hadi Jumapili. Mathayo 12:44 inasema pepo mchafu alipoirudia nyumba aliikuta tupu, imefagiwa na kupambwa. Usafi haukumzuia, kwa sababu hapakuwa na mkaaji.

Usiku wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, unahitaji mpango wake. Kukausha tumbaku ya mvuke ni kazi ya siku kadhaa mfululizo, moto haulali, na wanaume wanaochochea kuni huku wakingoja joto lipande hukaa na dumu. Mtu aliyeacha asikeshe pale peke yake wala na wenzake wa zamani. Jumuiya imtolee mtu wa kukesha naye kwa zamu, chupa ya chai, mahindi ya kuchoma, redio ndogo. Vibarua walipwe fedha taslimu au chakula, hata kama majirani watanung'unika kwamba mila imevunjwa.

Na kabla ya Ekaristi au Meza ya Bwana, muone padre au mchungaji. Kanisa linalotumia divai halisi lina njia: Mkatoliki akipokea mwili peke yake amepokea Kristo mzima, na madhehebu mengine hutumia maji ya zabibu yasiyochachuka. Yaulizwe mapema, siyo kwenye foleni. Anayeleta hoja ya "mvinyo kidogo" ya 1 Timotheo 5:23, mkumbushe kwamba Timotheo alishauriwa kwa ajili ya tumbo lake, na mtu ambaye glasi ya kwanza humzalia ya kumi hakuwa ndiye aliyeandikiwa.

Hatua ya 6: Fedha

Malipo ya tumbaku yakiingia, mwanaume aliyekaa miezi sita bila tone anaweza kupotea mjini siku nne. Mpango ufanyike kabla masoko hayajafunguliwa. Mume na mke wakae na shahidi mmoja wa jumuiya, waandike: makadirio ya kilo, makato ya pembejeo kule AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), kinachobaki, na mgawo wake. Ada, chakula cha mwaka, mbegu na deni viandikwe kwanza. Siku ya kwenda benki asiende peke yake. Aende na mke au shahidi, na fedha za matumizi makubwa zihamishwe palepale kwenda shule, kikoba au akaunti ya akiba. Abaki na kiasi cha wiki moja mfukoni. Hakuna haja ya kumnyang'anya mtu mzima heshima yake: ayapange yeye, asaini yeye.

Hapa pana mfupa mgumu. Nyumba nyingi hulipa ada kwa wanzuki au kangara inayopikwa na mama wa nyumba hiyohiyo. Huwezi kumwambia baba aache wakati mtungi unachemka uani, na huwezi kumwambia mama amwage mtungi bila kumpa kitu mkononi. Jumuiya ikae na hesabu yake: anapata shilingi ngapi kwa wiki baada ya kutoa gharama? Kisha itafute mbadala unaokaribia kiasi hicho. Asali anayoichachusha inaweza kuchujwa na kuuzwa ikiwa asali. Karanga za kukaanga, michembe na matobolwa, maandazi ya asubuhi kituo cha mabasi, vyote vina wateja. Mtaji wa kuanzia ukopeshwe na kikoba cha kina mama. Kwa miezi miwili ya mwanzo kipato kitapungua. Kanisa lijue hivyo na liweke fungu la kuziba pengo, la sivyo mtungi utarudi, na hapo lawama isimwangukie mama.

Mke asigeuzwe polisi wa kunusa midomo. Kazi hiyo wapewe wale watu watatu wa simu. Na kama ndani ya nyumba kuna kipigo, usalama wa mke na watoto unatangulia mpango wote huu. Wahamie kwa ndugu, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lijulishwe. Kuokoka kwa mume hakufuti kosa hilo.

Hatua ya 7: Akianguka

Wengi huanguka mara moja au zaidi kabla hawajasimama imara. Mithali 24:16 inamwita mwenye haki mtu anayeanguka mara saba akaondoka tena. Kinachoamua ni saa 24 baada ya glasi ya kwanza. Mtu mmoja kati ya wale watatu aende kwake siku hiyohiyo. Asikemee, asilie. Asimpe fedha. Amnyweshe maji, amlishe, alale. Kesho yake, akiwa mzima, wakae na daftari: ulikuwa wapi, saa ngapi, na nani, ulikula saa ngapi, nani hukumpigia na kwa nini? Kisha shimo hilo moja lizibwe. Kama alianguka kwenye msiba kwa sababu alilala matangani na wanywaji, basi msiba ujao aende asubuhi, azike, arudi kabla ya jioni na mtu wa jumuiya. Kumvua ukwaya au uongozi kwa miezi kadhaa ni haki ya kanisa. Kumtenga asije ibadani ni kumrudisha kilabuni kwa miguu yake.

Angalizo la mwili: kama alirudia kunywa kila siku kwa wiki kadhaa, hatua ya 1 na ya 3 zinaanza upya kabisa. Kila kuacha upya kunaweza kuwa kukali kuliko kwa mwanzo, hata kama safari iliyopita hakupata kifafa.

Akianguka mara ya tatu ndani ya mwaka, au akizungumzia kujiua, msimng'ang'anie peke yenu. Ombeni rufaa ya Kitete kwenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyo Dodoma. Treni ya Reli ya Kati hufika huko, na mabasi pia. Abebe barua ya rufaa, kitambulisho, kadi ya bima kama anayo, dawa zote anazotumia, nguo za kutosha wiki tatu, Biblia yake, na ndugu wa kusindikiza. Mkishauriwa nyumba ya upataji nafuu, wanakokaa watu wanaoacha ulevi, ulizeni kabla ya kulipa: imesajiliwa? Kuna mhudumu wa afya? Mgonjwa anaweza kuongea na familia? Wanafunga watu minyororo? Jibu la mwisho likiwa ndiyo, hata kama bango la mlangoni lina msalaba, geuzeni. Wakati yuko huko, jumuiya ilime shamba lake zamu kwa zamu na kusimamia ada, na mmoja ampigie simu kila Jumapili baada ya ibada.